Fundi Anajibu: Nimezima Swichi, Mbona Taa Bado Inakonyeza?

SWALI

Shikamoo mama fundi. Nimepanga Chumbageni, hapa hapa Tanga, kwenye nyumba ya zamani yenye wapangaji watatu. Mwezi uliopita nilinunua glopu za LED za wati 9, maana zile za zamani zilikuwa zinamaliza uniti za LUKU. Tangu siku hiyo taa ya sebuleni nikiizima usiku haizimiki kabisa. Inakonyeza. Inawaka kidogo, inazimika, baada ya sekunde tatu nne inawaka tena, hadi alfajiri. Mwanangu wa miaka sita hataki tena kulala sebuleni na bibi yake. Nilimwita fundi wa mtaani akabadilisha swichi, akaweka mpya yenye kitaa chekundu, nikamlipa shilingi 15,000. Sasa ndiyo inakonyeza haraka zaidi. Jirani ananiambia nirudishe glopu ya zamani, yake iliacha hivyo hivyo.

Halafu kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita nilipanda stuli ya chuma, miguu peku, nibadilishe ile glopu. Swichi ilikuwa imezimwa. Kidole kikagusa ndani ya holda, nikarushwa. Sikuanguka, lakini mkono ulikufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Mwenye nyumba nimemweleza habari ya kukonyeza, akasema taa si inawaka, tatizo nini? Je, ni glopu mbovu?

Mama wa Wawili, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mshtuko huo. Barua yako umeianza na glopu ukaimalizia na mkono. Mimi nitaanza na mkono. Swichi ilikuwa imezimwa na bado ukarushwa. Maana yake holda ile ina moto saa zote, taa ikiwaka na ikiwa imezimwa. Glopu yako ni nzima. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma: taa hiyo iacheni kama ilivyo, mtu asiiguse wala kuipangusa vumbi mpaka afike fundi. Kwa sasa sebuleni tumieni taa ya kuchomeka kwenye soketi.

Nikueleze kilichotokea, kwa sababu nataka uweze kusimama mbele ya mwenye nyumba bila kubabaika.

Taa inaendeshwa na nyaya mbili. Mmoja ni waya wa moto, ule mafundi wanauita laivu, unaoleta umeme wa volti 230. Wa pili ni nyutro, njia ya kurudia. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto, ili ukiizima moto uishie pale ukutani na kule juu kwenye holda pasibaki kitu. Kwa maelezo yako, swichi ya sebuleni imefungwa kwenye nyutro. Taa inazimika, ndiyo, kwa kuwa njia ya kurudi imekatika. Lakini moto wenyewe umeshapanda hadi kwenye holda na umesimama hapo. Ulipoingiza kidole ukawa wewe ndiye njia ya kurudia, kupitia mkono, kifua, miguu peku na ile stuli ya chuma mpaka sakafuni. Namshukuru Mungu hukuwa umeshika kitu kingine cha chuma kwa mkono wa pili.

Na kukonyeza je? Nyaya za taa na swichi hupita pamoja ndani ya bomba moja ukutani, mita kadhaa. Umeme wetu hugeuka upande huu na ule mara 50 kwa sekunde, na kwa sababu hiyo kiasi kidogo mno huweza kuvuka kati ya nyaya zilizolala ubavu kwa ubavu hata kama hazigusani popote. Ndani ya glopu ya LED kuna kapasita, ifikirie kama kibuyu kidogo. Matone yale yanadondokea kibuyuni. Kikijaa, taa inawaka nukta moja, kibuyu kinamwagika, kinaanza kujaa upya. Zile sekunde tatu nne ulizohesabu ndizo muda wa kujaa. Fundi alipoweka swichi yenye kitaa chekundu aliongeza matone, kwa sababu kitaa kile hupata umeme wake kwa kupitia kwenye taa yenyewe wakati swichi imezimwa. Kibuyu kikawa kinajaa upesi.

Hapo utaona kwa nini ushauri wa jirani unanitia hofu. Glopu ya zamani ya wati 60 hutaka karibu robo ampia ndipo waya wake wa ndani uwake. Matone hayo yanapita ndani yake bila yeye kuona chochote. Taa itatulia, mtoto atalala, na holda itabaki na moto vilevile. Tafadhali mwambie jirani yako hivyo leo hii, naye aite mtu akaangalie. LED ndiyo iliyowaonyesha.

Niwe mkweli: si kila taa ya LED inayokonyeza ina kosa hili. Nyumba iliyofungwa vizuri kabisa inaweza kukonyeza kwa sababu ya urefu wa nyaya, au kwa sababu ya kitaa cha swichi peke yake. Hizo hazimdhuru mtu. Kinachonifanya nikuandikie kwa ukali huu ni ganzi uliyoisikia mpaka kwenye kiwiko. Matone hayawezi kufanya hivyo.

Mimi kosa hili nalijua mwilini. Nilihitimu ufundi umeme VETA Chang'ombe, Dar es Salaam, mwaka 1999, tukiwa wasichana wawili darasani. Mwaka 2003 niliitwa Ngamiani kubadilisha holda ya ukumbini. Mwenye nyumba akaniambia, "Nimeshazima swichi, panda tu." Nikapanda. Sikupima. Bisibisi ilipogusa skrubu mkono ulijikunja wenyewe, ngazi ikateleza, nikaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Kilipofunguliwa kibati cha swichi wiki ile, waya uliokatwa ulikuwa nyutro. Hadi leo kifundo hicho hakikunji sawasawa, na kila mwanafunzi ninayemchukua namkunjia akione kabla sijampa plaizi.

Kosa lenyewe huingiaje? Mara nyingi ni rangi. Nyumba za zamani zilifungwa kwa waya mwekundu wa moto, mweusi wa nyutro na wa kijani wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini. Nyaya za sasa ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Uingereza, tulikochukua mtindo ule wa kwanza, nao walianza kubadilisha mwaka 2004. Nyumba ya zamani ikiongezewa chumba, rangi za enzi mbili zinakutana juu ya dari, gizani, na fundi mwenye haraka anakisia. Tena kwenye swichi waya mweusi unaweza kuwa na moto kwa haki kabisa: unashuka mwekundu kuleta moto, unapanda mweusi kuupeleka kwenye taa. Fundi makini huuviringishia tepu nyekundu ili anayekuja baadaye ajue. Asiye makini anauacha mweusi, na anayekuja baadaye anauhesabu kuwa nyutro.

Kuna uwezekano wa pili, mbaya zaidi. Huenda si taa moja, ni nyumba nzima. Nyaya mbili zinazoingia nyumbani zikibadilishana nafasi, kwa mfano baada ya laini kukatika na kurudishwa, basi kila swichi ndani inakata nyutro, na zile breka ndogo nazo zinakata nyutro. Fundi atalijua hilo kwenye soketi: ukiitazama soketi ya matundu matatu, tundu la kulia ndilo linalotakiwa kuwa na moto. Akikuta moto uko kushoto nyumba nzima, kosa liko mwanzoni. Kama ni kwenye meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba, atarekebisha. Kama ni kwenye mita au laini inayotoka nguzoni, hapo haruhusiwi kugusa, ni kazi ya TANESCO.

Ndiyo sababu nasema, na nitasema kila mwezi kwenye ukurasa huu: ukibadilisha glopu, zima meni swichi. Usitegemee swichi ya ukutani, wala breka ya taa peke yake. Meni swichi inayofaa hukata nyaya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo hata kama zimepishana, juu hapabaki moto. Zima, washa taa nyingine uone haiwaki, subiri glopu ipoe, vaa kandambili kavu, panda kitu cha mbao kisichoyumba, shika glopu kwenye kichwa chake, na vidole visiingie holdani hata kama meni imezimwa. Mnaishi wapangaji watatu, kwa hiyo jihadharini na taa ya koridoni au ya uani: katika nyumba za kushirikiana taa kama hizo mara nyingi zinalishwa na mita ya mwenzenu. Utazima ya kwako na taa ile itabaki na moto. Vilevile kama kuna mtu mwenye sola na inveta, ulizeni kwanza inalisha nini.

Sasa mwenye nyumba. Umemwambia taa inakonyeza, akaona jambo dogo. Mweleze hivi: "Baba, holda ya sebuleni ina moto swichi ikiwa imezimwa, na imeshanipiga." Waya ulio ukutani ni mali yake, na kuutengeneza ni juu yake, haitoki kwenye mfuko wako. Mwombe alete fundi mwenye leseni ya EWURA, na fundi akifika muulize leseni bila kuona haya. Mwenye nayo hukasirika mara chache sana. Akimaliza, mwambie akupimie mbele yako: swichi imezimwa, kipimo kwenye holda, pasionekane kitu. Ile swichi ya kitaa chekundu aitoe aweke ya kawaida. Baada ya hapo kukonyeza kukibaki, na mara nyingine hubaki, anaweza kufunga kapasita ndogo ya kuhimili umeme wa nyumbani sambamba na taa, iyanywe yale matone. Lakini hiyo ni ya mwisho. Akianza nayo, ameficha kosa kama jirani yako.

Nakuomba uniandikie fundi alikuta nini. Na mwanao mwambie taa yao haina kitu cha kutisha gizani.

SWALI

Binti yangu fundi, mimi ni mstaafu, nipo Pangani. Kila jioni chumbani kwangu pananuka samaki. Mama watoto amefagia hadi mvunguni, tumetafuta panya aliyekufa, hatukuona. Asubuhi harufu haipo. Nauliza kwako kwa sababu glopu ya chumba hicho hicho inaungua kila baada ya wiki tatu. Iko ndani ya bakuli la kioo lililofungwa kwenye silingi bodi. Yahusiana?

Mzee wa Pangani

JIBU

Shikamoo baba. Yahusiana, na nakusihi usiku wa leo taa hiyo usiiwashe.

Plastiki inayotumika kwenye holda na viunganishi vingi, ikipata joto kupita kiasi, hutoa harufu kama ya samaki. Wengi wetu wa pwani tunaivumilia miezi, kwa kuwa samaki hapigi hodi kwetu. Tunadhani ni jikoni au ni kwa jirani. Chumba kisichopikwa samaki kikinuka samaki taa inapowaka tu, hiyo ni holda inaungua polepole.

Nadhani nyumba yako haiko mbali na bahari. Hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye shaba na kwenye vile vipini viwili vya springi vinavyoibana glopu ya pini. Vikilegea, umeme unapita kwa kuruka kauwazi kembamba, na kila kuruka ni cheche na joto. Joto linalegeza springi zaidi. Bakuli la kioo nalo linafungia joto lote ndani, na glopu za LED huchukia joto kuliko zile za zamani: kinachokufa ni sakiti yake iliyo kitakoni, siyo chembe za mwanga. Ndiyo hizo wiki tatu zako.

Usiseme "breka ingeanguka kama kungekuwa na hatari." Breka huanguka umeme unapozidi kiwango. Mwunganiko uliolegea hauzidishi umeme, unapitisha ule ule wa kawaida, tena pungufu kidogo. Joto liko sehemu moja ndogo kama punje ya mtama, na breka iliyo ukutani haina namna ya kulijua. Hata kile kifaa cha RCD, kinachokata umeme ukivuja kwa miliampia 30 na kimeokoa wengi wasife kwa kupigwa, hakioni kosa la aina hii. Pua yako imeona kabla ya vyote hivyo, baba. Juu ya silingi bodi kuna mbao, vumbi na pengine viota vya ndege.

Fundi azime meni, ashushe bakuli, na mwangalie wote wawili. Mkikuta plastiki imekuwa ya kahawia au inavunjika kama biskuti, holda itupwe. Waya akate nyuma mpaka afikie shaba inayong'aa, asiukwangue tu ule ulioiva mweusi. Aweke holda ya udongo wa kauri, akaze skrubu, avute kila waya kidogo aone haichomoki. Kwenye bakuli pia mara nyingi pameandikwa wati ya juu inayoruhusiwa. Kama ni 40 na wewe uliwahi kuweka 100 enzi za glopu za zamani, huenda ndipo ilipoanzia. Mimi kwako ningeliondoa kabisa bakuli hilo, niweke kivuli kilicho wazi chini.

SWALI

Shikamoo mama. Nasoma umeme mwaka wa kwanza, nipo Muheza. Tesita ya bisibisi ya shilingi 2,000 naweza kuiamini? Fundi ninayejifunza kwake anatumia hiyo tu miaka yote.

Kijana wa Muheza

JIBU

Marahaba mwanangu. Ikiwaka, chukulia pana moto. Isipowaka, usiiamini bado.

Ndani yake kuna kizuizi kikubwa cha umeme na kitaa kidogo, na kidole chako ndicho kinachokamilisha njia. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao, umevaa viatu vya mpira, jua linapiga dirishani, kitaa kitawaka hafifu usikione, na waya una moto. Mara nyingine inawaka kwenye waya uliokatwa ambao umepata yale matone niliyomweleza Mama wa Wawili. Kwa hiyo inadanganya pande zote mbili, ila upande wa kwanza ndio unaoua.

Fanya hivi kila mara, hata fundi wako akikuharakisha. Gusa kwanza mahali unapojua pana moto, uione inawaka. Kisha gusa unapotaka kufanya kazi. Kisha rudi ukaguse tena pale pa kwanza. Huo mguso wa tatu wengi wanauacha, na ndio unaokuambia kwamba tesita haikufa katikati. Ukiwa umezima meni na unatafuta penye moto, kumbuka vituo vinavyopokea waya wa mita kwenye meni yenyewe bado vina moto. Hapo paguse fundi wako, wewe ukitazama. Usichokonoe soketi kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la ethi ili vifuniko vifunguke. Nimewaona mafundi wazima wakifanya hivyo.

Ukipata hela, nunua kipimo cha ncha mbili au mita ya mkononi ya kupimia volti, upime moto kwa nyutro, moto kwa ethi, na nyutro kwa ethi. Kipimo hicho hakitegemei viatu vyako. Tesita yenye mpini uliopasuka, au iliyowahi kulowa, usibaki nayo mfukoni hata siku moja. Yangu ya sasa ni ya tatu. Ya pili nilikuta imenyamaza kwenye holda ambayo mita ilionyesha volti 228, nikaitoa nje nikaivunja kwa nyundo, ili asije mtu akaiokota akaitumia.